Mgeni Aambiwe Kweli



Kila mwaka wenzetu waliomaliza shule hii, ambao sasa wanakaa ng'ambo, huniletea swali lile lile: rafiki zao wa kazini wanataka kuja Uganda kuwatazama gorila, je, ni salama? Huniuliza mimi kwa kuwa kazi yangu ni kuendesha gari la watalii. Swali hilo lina majibu mawili ambayo watu wameyazoea, nami siyapendi yote mawili.

Jibu la kwanza ni la wale waijuao nchi yetu kwa sifa mbaya tu. Idi Amin alikimbia mwezi wa Aprili 1979, akafa Saudi Arabia mwaka 2003, walakini ni safari chache mno ambazo mgeni hakunitajia jina lake kabla hatujafika Masaka. Januari 1954 mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alianguka na ndege karibu na maporomoko ya Murchison. Akaokolewa na mashua, akapelekwa Butiaba, na huko ndege ya pili iliyokuja kumchukua ikashika moto ilipokuwa inaondoka. Magazeti ya dunia yakatangaza kwamba amekufa, hali yu hai, akapata kuzisoma habari za kifo chake mwenyewe. Nchi yetu nayo imetangaziwa kifo mara nyingi kwa namna hiyo.

Jibu la pili ni la kwetu wenyewe: "Hakuna shida, amani imejaa kila mahali." Hili ndilo ninalotaka kulipinga leo, maana lile la kwanza lina wapinzani wa kutosha.

Tazameni mambo ya Bwindi. Tarehe 1 Machi 1999 waasi wa Kihutu wa kutoka Rwanda, waliokuwa wamekimbilia Kongo, waliingia Buhoma wakawaua watalii 8 pamoja na ofisa mmoja wa hifadhi, Mganda mwenzetu. Wengi walidhani kazi ya gorila imekwisha. Haikuisha, wala haikuponywa kwa maneno matamu. Habari ilikwisha kujulikana dunia nzima, haikuwezekana kufichwa. Basi ulinzi ukaongezwa, na askari wakawa wanafuatana na wageni msituni. Siku hizi mgeni wa kutoka nchi za mbali hulipa dola 800 akae na gorila saa moja tu, naye huona fahari kuzilipa.

Mwaka 2023 ulikuwa mgumu zaidi kwangu. Usiku wa tarehe 16 Juni waasi wa ADF, ambao maficho yao yako Kongo, waliishambulia shule ya sekondari huko Mpondwe, wilaya ya Kasese. Watu zaidi ya 40 waliuawa, na wengi wao walikuwa wanafunzi. Wavulana walichomewa ndani ya bweni lao. Ninyi mlalao mabwenini hamna haja nieleze zaidi. Haikupita miezi mitano, na tarehe 17 Oktoba watalii wawili na kiongozi wao Mganda wakauawa ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, katika pande zile zile.

Wiki chache baadaye nilipewa wageni wawili, mume na mke, watu wazima wenye mvi. Katika karatasi ya safari yao mbuga hiyo ilikuwa mahali pa pili, baada ya Ziwa Mburo. Mwajiri wangu wa siku zile alikuwa ametuita madereva akatuonya tusiseme neno. Mgeni akiuliza, ajibiwe kwamba mambo yamekwisha. Wazee wale walikuwa wamesikia habari ya mauaji wakiwa kwao, lakini hawakujua kwamba ni mahali pale pale tunapokwenda. Kwao ilikuwa "Uganda" tu.

Tulipokuwa tunakunywa chai Mbarara nikawaambia. Wakanyamaza kitambo, nami moyoni nikahesabu safari imevunjika. Kisha yule mama akauliza, "Kama si huko, tupite wapi?" Tukashika njia ya Kabale, tukalala siku mbili kando ya Ziwa Bunyonyi, tukaingia Bwindi kwa upande wa kusini. Gorila waliwaona, na fedha walizokuja nazo walizitumia humu humu nchini. Aliyepata hasara ni mimi, maana mwajiri alinikata malipo, na safari iliyofuata akampa dereva mwingine.

Serikali ya Uingereza ilipowaonya raia wake wakati ule, iliitaja mbuga ile kwa jina, haikuifunga Uganda nzima. Wengi wetu tulikasirika. Mimi niliona onyo lile lina adabu kuliko kimya chetu, kwa kuwa mtu akitajiwa mahali anaweza kuchagua mahali pengine.

Najua mtaniambia kwamba kusema hivyo ni kuwanyima riziki watu wa Kasese, hali wao ndio waliofiwa kwanza. Hoja hii ni nzito, nami sina jawabu la kuimaliza. Wapo vijana kule waliokaa miezi bila mgeni hata mmoja, na hawakumkosea mtu. Lakini sikubali kwamba dawa ya shida yao ni kumpeleka mtu asiyejua aendako. Tena dereva hukaa kiti cha mbele, na watu wa nyumbani kwake humngoja kama wa mgeni wanavyomngoja.

Liko na jambo ambalo wageni hawaniulizi kamwe, nalo ni barabara. Polisi walihesabu watu zaidi ya 5,000 waliokufa barabarani nchini mwetu katika mwaka 2024. Mgeni yule yule aniulizaye habari za waasi hupanda bodaboda Kampala usiku, kichwa wazi, huku anacheka. Mwingine hunisihi niendeshe mpaka usiku wa manane ili asipoteze siku. Jua likitua mimi huegesha gari, na wapo walioninung'unikia mpaka asubuhi.

Mwaka jana wale wazee waliniandikia. Wanataka kurudi, na safari hii wanauliza kama wanaweza kufika Kasese. Kabla ya kujibu nilimpigia simu mtu ninayemfahamu pale Katwe, nikamwuliza habari za njia, za askari, na za majirani zake wanalalaje usiku. Siku ya tatu nikawajibu, nikawaandikia yote aliyoniambia, yaliyo mema na yasiyo mema.