Jina la Mwimbaji Lisiachwe Ziwani

Wavuvi wa dagaa katika visiwa vya Muleba huifuata kalenda ya mwezi. Usiku wa giza hushusha taa zao ziwani, na mbalamwezi inapong'aa hupumzika, kwa kuwa dagaa hawaijali taa wakati anga lote lina mwanga. Siku hizo za mapumziko ndizo za kushona nyavu, kulipa madeni ya dukani na kuandikia nyumbani. Kwa miaka ya karibuni, ndizo pia siku za kurekodi nyimbo.

Atakayepita Bumbire, Kerebe, Goziba, Ikuza au Mazinga katika siku hizo atakikuta chumba cha mabati ambacho ukutani kimetundikwa blanketi na mlangoni limesimamishwa godoro. Ndani yumo kijana mwenye simu, au kompyuta mpakato iliyochajiwa kwa umeme wa jua. Anaimba maneno aliyoyatunga mtumbwini. Hana bendi, hana msimamizi wala mfadhili. Midundo ameitengeneza mwenyewe, au ameletewa na mwenzake wa Muleba au Mwanza. Hungoja usiku wa manane, jenereta za vilabu zinapozimwa, ndipo aanze kazi. Na mvua ikinyesha juu ya bati, kazi yote hurudiwa. Kulipokucha wimbo unasikika mwaloni. Baada ya juma moja umeshavuka maji.

Sisi tunaliona jambo hili kuwa la heri, na tunawapongeza vijana hao. Lakini liko pengo ambalo tusipolitaja leo tutalijutia kesho. Wimbo unavuka maji, na jina la aliyeutunga linabaki kisiwani. Unaingizwa katika kadi za simu kwenye vibanda vya mialoni kwa malipo yanayoishia mfukoni mwa mwenye kibanda. Unapigwa katika magari ya abiria na katika sherehe za harusi. Ukiuliza ni wa nani, utajibiwa kwamba ni wimbo wa visiwani. Kisiwa hakitungi wimbo. Mtu ndiye anayetunga, na mtu huyo ana jina.

Ili tuupime uzito wa jambo hili, yafaa tukumbuke tulikotoka. Katika miaka ya 1970, mwanamuziki wa Bukoba aliyetaka sauti yake inaswe hakuwa na njia nyingi. Alipaswa kupanda meli hadi Mwanza, kisha kusafiri kwa reli hadi Dar es Salaam, akangoje zamu yake katika studio za Redio Tanzania. Aliyetaka santuri aliitazama Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Watungaji wangapi walikufa bila ya sauti zao kusikika nje ya vijiji vyao, hakuna awezaye kuhesabu. Leo safari ile yote imeingia katika chumba kimoja cha mabati. Hayo ni maendeleo makubwa, na hayakuletwa na mpango wowote wa serikali. Vijana wameyaleta kwa fedha zao za dagaa.

Wala mkoa huu haukuanza jana kuimba. Kabla ya redio Wahaya walikuwa na enanga, na waimbaji wake walisimulia habari za watawala na mashujaa usiku kucha. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliwafanyia utafiti waimbaji hao, na katika mwaka 1983 aliuliza mbele ya wasomi wa dunia kama nyimbo zao hazistahili kuitwa tendi. Miaka mingi kabla yake, mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Bukoba na vinasa sauti vyake. Hakuwaita waimbaji waende mjini mbali, bali aliwafuata walipo. Miongoni mwao alikuwa Habib bin Seliman, mpiga enanga, aliyeimba habari za Mugasha, bwana wa ziwa na tufani katika masimulizi ya Wahaya.

Kisa hicho kina fundisho, nalo haliko katika ubora wa mashine ya Tracey. Baada ya kunasa sauti, aliandika jina la mwimbaji, mahali, mwaka na aina ya chombo kilichopigwa. Kwa sababu ya kazi hiyo ndogo ya kalamu, zaidi ya miaka 70 imepita na bado tunajua kwamba sauti ile ni ya Habib bin Seliman. Wavuvi wetu wa leo wanavyo vyombo vya kunasia sauti ambavyo Tracey hakuviota. Kinachokosekana ni kalamu.

Wapo watakaosema kwamba nyimbo hizi za vyumbani ni mchezo wa vijana, na kwamba hazina thamani ya kuandikiwa daftari. Tunawaomba wamkumbuke Saida Karoli, mwenyeji wa mkoa huu. Wimbo wake wa Maria Salome, alioutoa mwaka 2001 kwa Kihaya, uliimbwa nchi nzima na watu wasiojua hata neno moja la lugha hiyo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliujenga wimbo wao wa Salome juu ya ule wa Saida, ukasikika mbali zaidi. Hakuna aliyeuliza wimbo wa kwanza ulikuwa wa nani, kwa kuwa jina lilikuwa limekwisha kujulikana. Je, wimbo wa mvuvi wa Goziba usio na jina ukichukuliwa na msanii wa mjini miaka 15 kutoka sasa, mvuvi huyo atasimama mbele ya nani, na kwa ushahidi gani?

Sheria haina upungufu mkubwa katika jambo hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inampa mtunzi haki yake tangu anapoitunga kazi. Haimtaki kwanza awe na studio, wala haimbagui kwa kuwa amerekodi chini ya blanketi. Haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, ili watoto wake nao wanufaike. Kusajili kazi hakuiumbi haki hiyo, kunaipatia ushahidi. Ni sawa na mtu mwenye shamba la migomba: shamba ni lake, lakini siku ya ugomvi wa mpaka, mwenye hati hulala usingizi na asiye na hati hukesha.

Tatizo basi ni umbali. COSOTA, iliyoanza kazi mwaka 2001 na ambayo sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, inajulikana kwa wasanii wa Dar es Salaam. Kwa mwimbaji wa Mazinga ni jina tu analolisikia redioni. Kumwambia atumie mtandao si jibu la kutosha, maana mtandao wenyewe kisiwani huja na kuondoka kama upepo, na fomu isiyo na wa kuieleza humtisha hata aliyesoma. Safari ya kwenda na kurudi bara ni nauli na siku za kazi, na mvuvi anayekosa usiku wa giza amekosa chakula cha nyumba yake.

Kwa hiyo tunayo mambo matatu ya kuwaomba wenye mamlaka.

La kwanza, Afisa Utamaduni wa Wilaya ya Muleba apewe boti na mafuta, avipitie visiwa hivyo katika siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wako nchi kavu. Achukue daftari la majina, nyimbo na tarehe, awasaidie watunzi kujaza fomu, kisha azifikishe zinakohusika. Maafisa wengine wa serikali huvuka maji kwa ajili ya chanjo na leseni za uvuvi. Haiwi vigumu kumpa mwenzao nafasi moja katika boti hilo hilo. Na asivisahau vijiji vya bara vilivyo mbali na barabara kuu. Mtunzi wa Ngenge hana bahari wala ziwa la kumzuia, lakini ofisi iko mbali naye vile vile.

La pili ni mikopo. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mara nyingi fedha hizo zimekwenda kwenye bodaboda, kuku na cherehani, nasi hatuna ugomvi na shughuli hizo. Lakini mkopo wa vijana hutolewa kwa kikundi, na mwimbaji huyu hufanya kazi peke yake. Watunzi wa kisiwa kimoja wangeweza kuungana, wakaomba chumba kimoja cha kurekodia chenye maikrofoni nzuri, kompyuta na betri za sola, kila mmoja akilipia zamu yake. Nyimbo zingebaki za kila mmoja. Chumba kingekuwa cha wote. Maombi ya namna hiyo yakifika mezani, maafisa wa maendeleo ya jamii wasiyacheke. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, ambao hukopesha wasanii. Habari zake zibandikwe katika ofisi za kata za visiwani, kama zinavyobandikwa habari za uchaguzi.

La tatu linavihusu vituo vya redio vya mkoa huu. Tunaviomba vitenge saa moja kwa juma kwa nyimbo zilizorekodiwa nyumbani, na vilitaje jina la mtunzi na kijiji chake kila wimbo unapopigwa. Kulitaja jina hakugharimu kitu. Na vitunze kumbukumbu ya kila wimbo uliopigwa, kwa maana mgawo wa mirabaha usiotokana na kumbukumbu huwafikia wenye majina makubwa peke yao.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa. Baadhi ya viongozi wanasema kwamba nyimbo hizi zisizopita mahali popote huweza kubeba matusi, na kwamba serikali ikizitambua itakuwa imeyatambua matusi hayo. Sisi tunaona kinyume. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, lina wajibu wa kuilea sanaa na pia kuisimamia, na hakuna awezaye kumsimamia mtu asiyemjua. Anayeandika jina lake juu ya wimbo hufikiri mara mbili juu ya maneno yake. Ila tunaonya kwamba daftari tunalolipendekeza lisigeuzwe kuwa mtego wa ushuru. Siku watunzi watakapoona kwamba anayekuja kuandika majina anakuja pia kudai fedha, watakimbilia ziwani, na jina la mwimbaji litapotea tena.

Nanyi watunzi, kazi nyingine ni yenu wenyewe. Msiupe wimbo jina la namba. Andikeni jina lenu, la wimbo, mahali na tarehe, kwenye faili lenyewe na pia kwenye daftari la karatasi. Wekeni nakala mbili mahali pawili, maana simu ikidondoka kutoka mtumbwini haipigi mbizi na kurudi. Mkitengenezewa midundo na rafiki, andikianeni makubaliano kabla ya wimbo kutoka, siku mnapokuwa bado mnacheka pamoja, mkisema nani ametunga nini na nani atapata kiasi gani. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga, na wimbo nao ni mali.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alikusudia kwamba nyimbo na ngoma zetu zirudishiwe heshima iliyokuwa imevunjwa na ukoloni. Heshima hiyo haiishii kwenye gwaride na sherehe za mji mkuu. Ni lazima imfikie pia aliye chini ya blanketi, kisiwani, akingoja mvua ipite ili arudie ubeti wake. Mwaka 1950 mgeni alivuka bara zima kuja kuandika jina la mwimbaji mmoja wa Bukoba. Kutoka Muleba hadi Goziba si mbali kiasi hicho. Tunatumaini kwamba kabla ya mwaka huu kwisha, daftari hilo litakuwa limefika.