KIMYA CHA ALIYEACHA KOKENI KISITUDANGANYE

Mtu aliyekuwa mtumwa wa kokeni anapotimiza mwezi mmoja bila ya kuigusa, jamaa zake hushukuru Mungu. Huulizwa iwapo bado ana hamu nayo, naye hujibu kwa moyo safi kwamba hamu imepungua. Hapo ulinzi hulegezwa. Leo tunasema kwamba huo ndio hasa wakati wa khatari.

Mwaka 2016, wataalamu Muhammad Parvaz, Scott Moeller na Rita Goldstein wa Mount Sinai, New York, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 76 wenye uraibu wa kokeni. Baadhi yao walikuwa wameacha kwa siku mbili, wengine kwa wiki moja, mwezi mmoja, miezi sita au mwaka mmoja. Walivishwa vichwani vipimo vya umeme wa ubongo, kisha wakaoneshwa picha mbalimbali, zikiwemo za kokeni.

Kadiri muda wa kuacha ulivyokuwa mrefu, ndivyo watu walivyosema kuwa hamu yao ni ndogo. Lakini ubongo ulitoa ushahidi mwengine. Mbele ya picha za kokeni, ubongo wa waliofikisha mwezi mmoja na miezi sita ulishtuka zaidi kuliko wa waliokuwa na siku mbili tu. Kwa waliotimiza mwaka ndipo mshtuko huo ulipoonekana kupungua.

Watu hao hawakuwa waongo. Ubongo wao ulikwisha kujifunza kuifungamanisha starehe ya kokeni na alama zake: rafiki fulani, chumba fulani, fedha mkononi. Mwili ukishatakasika, mafunzo hayo hubaki. Mwaka 2001 wanasayansi wa Marekani walikwisha kuona jambo kama hilo kwa panya: katika miezi miwili ya kunyimwa kokeni, walizidi kuitafuta kila walipokutana na ishara zake.

Katika visiwa vyetu adui anayejulikana zaidi ni heroini, na haifai kudai kwamba vipimo vya kokeni vinaieleza heroini. Lakini iko tofauti ambayo viongozi hawana budi kuizingatia. Mtumiaji wa heroini aweza kusaidiwa kwa methadoni. Kwa kokeni, hadi leo haijapatikana dawa iliyoidhinishwa ya kutibu uraibu wake. Silaha zilizopo ni ushauri nasaha, uangalizi wa karibu, kazi ya halali, na kumweka mtu mbali na alama za maisha yake ya zamani. Silaha hizo zinahitaji muda.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika Serikalini: uangalizi wa aliyeacha kokeni uhesabiwe kwa mwaka, usihesabiwe kwa wiki. Nyumba za upataji nafuu zisimruhusu mtu kuondoka kwa kutegemea jibu la mdomo wake pekee. Masheha na wazee, nao, wasimrejeshe kijana katika maskani ile ile aliyoangukia, kisha wakamlaumu kwamba toba yake haikuwa ya kweli.

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Tuusikilize mshindo huo mapema, kabla ya kuitwa maziarani.