Hema Moja la Watu Sita? Mimi Sikubali!

Jumatano, saa 5 usiku. Mwenzangu wa chumba amelala, mimi nina asaimenti ya Saikolojia ya Elimu inanisubiri, lakini siwezi kuandika kitu mpaka nilitoe hili moyoni. Samahanini kwa kupotea, wapendwa. Mitihani ya majaribio imetukaba. Leo nimerudi na hasira.

Iko hivi. Wale watano wa ile safari ya pikipiki tumekusanya mchango tangu boom lilipoingia. Tuna shilingi 340,000 mkononi. Hela hiyo ni ya hema. Leo mchana, kwenye vimbweta, wenzangu watatu wakaja na hoja moja: tununue hema moja kubwa la watu 6, jipya, linauzwa 340,000 taslimu, "tumalize kazi". Jumamosi tunapiga kura. Nilipofungua mdomo kupinga nikaambiwa, "Wewe unaendesha? Si unapakiwa tu?"

Haya. Ngoja mpakiwaji aseme.

Wasiojua historia: wikiendi ya Sabasaba, Julai 2025, tulitoka hapa Iringa wanne, Boxer mbili. Mafinga, Makambako, Igawa, mpaka Chimala, tukaacha lami na kupanda kwenda Matamba kupitia ile barabara ya kona 57. Watu wanaiita hivyohivyo, Hamsini na Saba. Shida yetu ilikuwa kuiona Kitulo, ile wenyeji wanayoiita Bustani ya Mungu, uwanda wa juu wa mita 2,600 hivi, hifadhi ya taifa tangu 2005. Maua yenyewe msimu wake ni wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo Julai tulikuta nyasi na upepo tu. Hilo ni kosa letu wenyewe, nalisamehe. La hema silisamehe.

Hema lilikuwa la kuazima. Limeandikwa "watu 4". Kilo 7, fito za faiba, likikunjwa lina urefu wa sentimita 75. Likafungwa kwa mpira wa tyubu kwenye keria, nyuma ya mgongo wangu. Sasa mnaosoma Fizikia nisaidieni. Dereva mbele, mimi katikati, kilo 7 za hema zimekaa nyuma kabisa, zimepita hata ekseli ya tairi la nyuma. Kwenye lami hujui kitu. Ukianza kupanda mlima wa vumbi, uzito wote unarudi nyuma na tairi la mbele linakuwa jepesi. Dereva anakata kona, usukani unakubali, tairi halishiki. Kwenye kona ya ishirini na ngapi sijui (nilikuwa nahesabu, nikaacha kuhesabu nikiwa chini) tukaenda upande. Bahati tulikuwa mwendo wa kutembea kwa miguu, na tuliangukia upande wa mlima. Upande wa pili ni bonde. Goti langu lina alama mpaka leo, na dereva wangu, yule wa Hisabati, alishindwa kushika chaki kwa wiki nzima.

Mtu ataniambia tulianguka kwa sababu ya udereva. Sawa, udereva ulichangia. Lakini baada ya kuanguka tulifungua mzigo, hema tukaliweka mbele, juu ya tenki, katikati ya mikono ya dereva. Akaendesha kwa shida, linamzuia kugeuza usukani vizuri, lakini tairi la mbele likashika na kona zote zilizobaki tulizipita. Dereva yuleyule, barabara ileile. Kilichobadilika ni mahali pa mzigo.

Sasa hema wanalolitaka ni la kilo 9.

Nilipowaambia hivyo wakanijibu kwamba safari hii tuna pikipiki tatu, moja haina abiria, hema litakaa kwenye kiti chake. Jibu zuri, nakiri. Lakini hiyohiyo pikipiki ndiyo mlishaipangia jiko, sufuria, pampu, spana, dumu la maji na tyubu za akiba. Mmesahau? Na jambo kubwa kuliko hilo: hema moja maana yake ni nyumba ya watu watano juu ya pikipiki moja. Mwaka jana kabla ya Chimala moja ilipata pancha, tukaachana zaidi ya saa mbili. Ilikuwa mchana na pancha haikuwa kwa mwenye hema. Igeuzeni hiyo: ni saa 2 usiku, Njombe au Makete, baridi ile mnayoijua, na hema limekaa na mtu aliyekwama kilomita 40 nyuma. Wanne waliotangulia wanalala wapi?

Twende kwenye hesabu, maana mwenye hoja ni mtu wa Hisabati. Hilo neno "watu 6" limepimwaje? Hema letu la mwaka jana lilikuwa sentimita 210 kwa 210. Gawa kwa 4, unapata sentimita 52 na nusu kwa mtu. Hapo ni bega kwa bega kama dagaa, bila begi, bila helmeti, bila mabuti. Watengenezaji wanahesabu miili tu. Kwa hiyo ukisoma "watu 2" wewe elewa mtu mmoja na mizigo yake, au wawili wanaopendana, au wawili walioacha mizigo nje. Mahema matatu ya watu 2 yanatupa nafasi 6 kwa watu 5. Mtumba mzuri nimeuona kwa 110,000. Mara tatu ni 330,000. Inabaki 10,000 ya mpira wa tyubu na vigingi vya akiba. Kila hema ni kilo 2 na nusu, jumla kilo 7 na nusu, chini ya hilo moja, na zimegawanyika kwenye pikipiki tatu. Sasa nani kafeli hesabu?

Na kuna hili ambalo nyie vijana wa kiume hamkulisema mbele yetu. Tuko mabinti wawili. Hema moja la watu watano mlipitisha ninyi watatu, sisi wawili hamkutuuliza tunalala vipi, tunabadilisha nguo wapi. Mimi sina wasiwasi na nyie, ni kaka zangu. Lakini mama yangu akiuliza nililala wapi, nataka jibu fupi.

Sasa, sipendi mtu anayepinga bila kusema anataka nini. Hili ndilo hema ninalolitaka, na sababu zake.

Kwanza, tabaka mbili. Ndani chandarua na kitambaa chepesi, juu yake turubai la mvua linaloshuka mpaka karibu na ardhi. Lile la mwaka jana lilikuwa na kikofia kidogo juu, pembeni neti tupu. Hilo ni hema la ufukweni jamani! Upepo wa Matamba ulipita ndani kama umelipa kodi. Na yale ya tabaka moja lililozibwa nayo ni kimeo: pumzi zenu zinapanda, zinakutana na kitambaa cha baridi, zinageuka maji, asubuhi mnaamka mmelowa na mvua haikunyesha.

Pili, fito. Faiba ikipasuka inapasuka kwa urefu, inatoa vijiti vinavyochoma vidole na kuchana kitambaa. Alumini mara nyingi inapinda, unaivisha kipande cha bomba mahali palipoumia, unaendelea na safari. Halafu muulize muuzaji zikikunjwa zina urefu gani. Hili hakuna anayeuliza! Fito za sentimita 40 au 45 zinaingia kwenye begi. Za 75 zinalala kukingama kwenye kiti, karibu upana wa usukani, na ukipita katikati ya malori pale Makambako utakumbuka maneno yangu.

Tatu, lisimame lenyewe bila kutegemea vigingi. Sisi hatuchagui ardhi. Tunalala uwanja wa mtu, pembeni ya shule, juu ya changarawe. Kuna mahema yasiyosimama bila vigingi, na kwenye ardhi kavu ya Julai kigingi kinapinda kama msumari wa dukani. Lakini likisimama lenyewe msiache kulifunga, upepo wa kule unabeba.

Nne, maji. Kwenye lebo ya hema zuri kuna namba ya milimita. Ni urefu wa maji ambao kitambaa kinaweza kubeba kabla halijaanza kupenya. Mimi chini ya 1,500 kwa turubai sichukui, na sakafu nataka zaidi, kama 3,000, kwa sababu goti lako likikandamiza udongo uliolowa linasukuma maji kwa nguvu kuliko mvua. Halafu tazama mishono kwa ndani. Kama haina utepe uliobandikwa juu yake, hiyo namba ni usanii, maji yatapita kwenye matundu ya sindano.

Mtasema mtumba hauna lebo. Kweli, mara nyingi imefutika. Ndiyo maana kuna ndoo. Nimeshaongea na yule muuzaji, amekubali tulisimamishe kwanza. Tunalifunga vizuri, mtu mmoja anaingia ndani (najitolea), mwingine anamwaga ndoo mbili taratibu kwenye mishono. Dakika kumi tunajua ukweli. Na kabla ya maji, nusa. Hema lililokunjwa likiwa bichi miaka mingi, ule utando wa ndani unaozuia maji unaoza: unanata vidoleni na kunuka vibaya. Likinata, rudisha, hata akikupa kwa elfu 20.

Kuna wa Historia ananitumia picha za yale mahema ya Ulaya na Marekani, Lone Rider, Redverz, yenye chumba cha kuingiza na pikipiki. Bomba sana, sikatai. Yana uzito wa zaidi ya kilo 5, na bei yake ni ada ya mtu. Na hata ukilipata, ekzosi ya moto na kitambaa cha nailoni ni maadui. Tuliache hilo, siyo la saizi yetu.

Sasa niseme kilichonifanya niandike usiku huu.

Usiku ule Matamba tulipiga hema uwanjani kwa mama mmoja, nje ya hifadhi. Saa 4 usiku tulikuwa tunatetemeka, upepo unaingia kwenye ile neti. Mmoja wetu akasema tuazime jiko la mkaa, tuweke ndani, tuzibe neti na makoti ya mvua. Sote tulikubali. Na mimi nilikubali, msinione mjanja! Jiko lilishaingia, tumeshaanza kuziba, tunacheka, joto linapanda. Yule mama akatoka kuangalia mkaa wake umekwenda wapi. Alipofunua hema hakuuliza. Alilivuta jiko nje kwa mkono, akalimwaga, akasimama kiunoni mkono.

"Wanangu, mnataka kesho niwaite wazazi wenu waje kuwachukua hapa?"

Akatuingiza jikoni kwake, tukalala kwenye mikeka, mlango uko wazi kidogo.

Ile hewa ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Unasikia usingizi mtamu, basi. Sisi wanne ni walimu watarajiwa, mmoja wetu anasomea kufundisha Kemia, na tulikuwa tunaziba matundu kwa mikono yetu wenyewe. Kwa sababu gani? Kwa sababu tulibeba hema baya. Hema baya halikuui lenyewe. Linakufanya ufanye upumbavu saa 4 usiku.

Na hilo la watu 6? Nimelitazama picha zake leo jioni. Juu kikofia, pembeni neti. Lilelile, limeongezwa ukubwa tu.

Kama tungekuwa na gari, tunakwenda ufukweni na familia, mngenisikia nalisifu. Unasimama wima ndani, mnapiga stori wote pamoja. Lakini sisi tuna Boxer tatu, mlima na baridi.

Kwa hiyo wandugu, Jumamosi saa 10 jioni, vimbweta vilevile. Mimi na mwenzangu wa chumba tuna kura mbili. Tunatafuta ya tatu. Wa Hisabati, najua unasoma hapa kimyakimya kila siku. Ulikuwa mbele yangu kwenye ile kona. Wewe ndiye uliyesema, tukiwa tumekaa vumbini, "Hili dude tusilibebe tena." Nilikusikia.

Ngoja nirudi kwa Piaget, saa 6 hiyo inaingia. Usiku mwema.