Wingi wa kimeng'enya si kipimo cha hatari

Wanafunzi wetu wa bayolojia wanajua kwamba kongosho hutoa amilesi ya kusaga wanga na lipesi ya kusaga mafuta. Wasichofunzwa aghalabu ni kwamba kiungo hicho chaweza kujila chenyewe. Kijiwe cha nyongo kikiziba mfereji, au pombe ikizidi, vimeng'enya huamka kabla ya wakati wake, kongosho likavimba ghafla na mgonjwa akashikwa na maumivu makali ya tumbo yapenyayo hadi mgongoni.

Daktari hupima damu. Amilesi au lipesi ikifika mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, pamoja na maumivu hayo, ugonjwa umejulikana. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba tarakimu ikizidi, hatari nayo imezidi. La hasha! Mwenye amilesi ya maelfu huenda akarejea kwake baada ya siku chache, na mwenye kiasi kidogo akafa kwa mapafu na figo kushindwa na kazi. Kutambua ugonjwa na kutabiri ukali wake ni mambo mawili. Kuyachanganya huanzia darasani, tunakomzoesha mtoto kusoma namba bila kuuliza inajibu swali gani.

Mwaka 1974 John Ranson wa New York alitoa vigezo 11, vingi vyavyo vya damu: 5 hutazamwa mgonjwa anapolazwa, 6 katika saa 48 za kwanza. Protini ya C-riaktivu, itengenezwayo na ini, nayo ikizidi miligramu 150 kwa lita huashiria ukali, ila hutegemewa baada ya saa hizo hizo 48. Kwa mtu anayezidiwa, huo ni muda mrefu mno.

Mimi naitetea urea, kipimo cha kawaida kisicho ghali. Kongosho likiwaka, maji huvuja kutoka mishipani. Damu huwa nzito, figo hupungukiwa na damu, na urea hupanda. Ikipimwa leo na kurudiwa kesho, kupanda kwake humwonya daktari mapema. Si bure kwamba imo miongoni mwa ishara 5 za BISAP, kipimo kilichotolewa mwaka 2008.

Walimu wenzangu, badala ya kumtaka mwanafunzi aorodheshe kazi za kongosho, tumpe tarakimu mbili za urea, ya jana na ya leo, atueleze mgonjwa huyo amepatwa na nini.