KODI ILIYOZIDI SI SADAKA

Kwa miaka mingi sasa wananchi wamezoea kusikia wito wa Mamlaka ya Mapato Tanzania usemao: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Wito huo ni wa haki, kwani taifa haliwezi kujenga shule, zahanati na barabara kwa maneno matupu. Lakini daftari la kodi lina kurasa mbili, na ukurasa wa pili haujapata wito wake. Huo ni ukurasa wa mfanyabiashara aliyelipa zaidi ya alichopaswa kulipa, ambaye sheria inampa haki ya kurejeshewa ziada hiyo, na ambaye hata hivyo haendi kuidai.

Jambo hili laweza kuonekana dogo. Mtu anaweza kuuliza: fedha hizo si zimeingia Hazina, na Hazina si mali ya wananchi wote? Ikiwa mwenyewe amenyamaza, kwa nini asiachwe na kimya chake? Fikra ya namna hiyo ina kosa kubwa. Kodi ni fedha inayotozwa kwa mujibu wa sheria na kwa kiwango kilichotajwa na sheria. Kinachozidi kiwango hicho si kodi tena, wala si mchango wa kujitolea. Ni mali ya mtu iliyo mikononi mwa Serikali. Kuhesabu mali hiyo kuwa ni mapato ya taifa ni kujidanganya kwa tarakimu.

Ziada hutokea vipi?

Wapo wanaodhani kwamba anayelipa kodi kupita kiasi ni mzembe asiyejua hesabu. Sivyo. Mara nyingi ziada huzaliwa na utaratibu wenyewe wa kukusanya kodi, kwa sababu Serikali hukusanya kwanza na hesabu kamili hufanywa baadaye.

Chukua kodi ya mapato. Kampuni hutakiwa kukadiria faida yake mwaka unapoanza, kisha kulipa kodi ya makadirio hayo kwa awamu 4. Lakini hakuna mfanyabiashara anayeweza kuiona Desemba akiwa bado yuko Machi. Mvua zikiharibu barabara, au mteja mkubwa akishindwa kulipa deni lake, faida iliyokadiriwa haipatikani. Hesabu za mwisho wa mwaka zinapofungwa huonekana kwamba kampuni imekwisha kulipa zaidi ya deni lake.

Chukua pia kodi ya zuio. Kampuni ndogo ya hapa nchini inayotoa huduma hukatwa asilimia 5 ya malipo yake na yule anayemlipa, kabla fedha hazijamfikia. Tuseme katika mwaka mmoja imefanya kazi za shilingi milioni 100. Shilingi milioni 5 zimekwisha kuzuiliwa. Baada ya kulipa mishahara, pango la nyumba na mafuta ya gari, faida iliyobaki ni shilingi milioni 10. Kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida, yaani shilingi milioni 3. Kampuni hiyo inaidai Serikali shilingi milioni 2, hata kama haikulipa senti moja ya makadirio. Kwa kampuni yenye wafanyakazi wachache, fedha hizo ni mishahara ya miezi kadhaa.

Kodi ya Ongezeko la Thamani, iliyoanza kutozwa Tanzania Bara Julai 1998, ina mlango wake. Kiwanda cha minofu ya samaki mjini Mwanza hununua maboksi, umeme na vipuri pamoja na kodi hiyo, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Bidhaa zake huuzwa nchi za nje, na bidhaa zinazouzwa nje hutozwa kiwango cha sifuri, ili Tanzania isiwauzie wageni kodi zake pamoja na samaki wake. Kwa hiyo kiwanda hulipa kodi kinaponunua, lakini hakina mnunuzi wa kumtoza kinapouza. Bila marejesho, kodi ambayo sheria ilikusudia ipite tu mikononi mwa kiwanda hugeuka kuwa gharama ya kiwanda.

Kwa nini hawadai?

Sababu ya kwanza ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wapo wafanyabiashara wengi ambao hati zao za kodi ya zuio hawakuzifuatilia kwa aliyewakata, na ankara zao za kodi zimetupwa katika sanduku moja na stakabadhi za chai. Siku ya kudai ikifika hawana cha kuonyesha. Na sheria haimsubiri mtu. Ankara ya Kodi ya Ongezeko la Thamani isipotumika ndani ya miezi 6 hupoteza nguvu yake. Ushuru wa forodha uliolipwa kwa makosa hudaiwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Muda huo ukipita, haki imekufa, na aliyeiua ni mwenyewe.

Sababu ya pili ni gharama. Madai ya kodi huhitaji mhasibu, na mhasibu huhitaji malipo. Kampuni kubwa ina idara nzima ya kazi hiyo. Mwenye karakana ya kuchomelea vyuma Keko, anayedai laki 6, huambiwa kwamba kuzifuata kutamgharimu nusu yake, pamoja na siku kadhaa za kuiacha karakana. Basi huzisamehe. Hivyo haki ambayo imeandikwa kwa ajili ya wote huishia kutumiwa na wenye uwezo peke yao.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni hofu. Mfanyabiashara huamini kwamba akidai laki 6 ataletewa wakaguzi watakaofungua hesabu za miaka iliyopita na kuondoka wamemwandikia deni la milioni 6. Kwa hiyo hujiambia kwamba ni heri kupoteza kidogo kuliko kumwamsha aliyelala. Hofu hii ina mizizi mirefu. Mwaka 1898 utawala wa Wajerumani ulipoanza kutoza kodi ya nyumba, kodi ilikusanywa na maakida waliofuatana na askari, na asiyekuwa na fedha aliilipa kwa jasho lake. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mkoloni angeweza kurudisha kilichozidi. Wakoloni waliondoka, lakini fikra kwamba kilichokwenda kwa mtoza kodi hakirudi ilibaki vichwani. Haitang'oka kwa hotuba. Itang'oka siku mwananchi atakapomwona jirani yake amerejeshewa fedha zake bila bughudha.

Hasara ni ya nani?

Anayedhani kwamba Serikali hupata faida kwa kimya hicho na atazame kinachofuata. Mfanyabiashara asiyeweza kurejeshewa fedha zake kwa njia iliyo wazi hujirejeshea mwenyewe kwa njia ya giza. Huuza bila risiti leo, na kesho huandika nusu ya mauzo, huku dhamiri yake ikimwambia kwamba haibi bali anajilipa. Akishazoea, hasimami pale deni lake linapokwisha. Milioni 2 zisizorejeshwa kwa haki huweza kuinyima Hazina nyingi zaidi katika miaka inayofuata. Asiyetaka kufanya hivyo huiongeza hasara yake katika bei, na hapo anayelipa ni mnunuzi wa sabuni na unga, ambaye hakushirikishwa katika jambo hilo tangu mwanzo.

Uchungu wake mkubwa ni huu: anayeumia ni yule mwaminifu. Mkwepaji hana ziada ya kudai, kwa kuwa hakulipa hata kilichostahili. Ziada humpata aliyekadiria kwa ukweli, akalipa mapema na kukubali kukatwa. Taifa linalomwacha mtu wa namna hiyo apate hasara linawafundisha wengine kwamba uaminifu ni ujinga.

Ni kweli kwamba Serikali nayo ina sababu ya kuwa macho. Wapo matapeli wanaoghushi ankara na kudai kodi ambayo hawakuilipa kamwe. Fedha za umma haziwezi kutolewa kwa kila anayenyosha mkono, na ukaguzi ni wajibu wa mtumishi mwaminifu. Lakini kukagua ni kazi, na kukalia faili si kazi. Mfanyabiashara hutakiwa kuwasilisha hesabu zake za Kodi ya Ongezeko la Thamani kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na akichelewa hutozwa faini. Ni haki basi aliye upande wa pili wa meza apimwe kwa saa hiyo hiyo.

Dalili za kutambua tatizo zimekuwapo. Mwaka 2021, mara baada ya kushika madaraka, Rais Samia Suluhu Hassan aliwakataza watoza kodi kutumia mabavu dhidi ya wafanyabiashara. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza. Mwaka 2024 Rais aliunda Tume ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Katika yote hayo jambo lililokuwa likitafutwa ni moja: imani kati ya anayetoza na anayetozwa. Marejesho ya kodi ndicho kipimo chake rahisi kuliko vyote, kwa kuwa imani hiyo huweza kuhesabiwa kwa shilingi.

Hatua zinazotakiwa si za ajabu. Ofisi ya kodi inayoona katika mitambo yake kwamba mlipaji amezidisha iwe ya kwanza kumwarifu, kama ambavyo huwa ya kwanza kumwarifu anapodaiwa. Madai madogo yasiyo na utata yalipwe upesi, au yapunguzwe katika kodi inayofuata bila mlipaji kuzungushwa, na ukaguzi mkali uelekezwe kwenye madai makubwa yenye shaka. Taasisi ya umma inayokata kodi ya zuio na kuchelewa kutoa hati ihesabiwe kuwa imemkosea mwananchi.

Wafanyabiashara nao wasikae wakisubiri kubebwa. Jumuiya zao na vyama vya ushirika vinaweza kuajiri mhasibu mmoja wa kuwatumikia wanachama 50 ambao kila mmoja peke yake hamudu kumlipa. Kila mwenye duka na karakana ajue tarehe zake, atunze ankara zake, adai hati ya kila shilingi aliyokatwa, na aandike barua ya madai bila kuona haya. Kudai kilicho chako kwa sheria si uchoyo wala si uadui kwa Serikali. Anayefungua daftari lake mbele ya ofisa wa kodi na kusema hapa nilizidisha, ni mtu yule yule atakayekubali kuambiwa hapa ulipunguza. Serikali inahitaji walipa kodi wa namna hiyo wengi iwezekanavyo, na itawapata kwa kuwalipa inachodaiwa nao.