Tatizo la MC Yule Siyo Timu Iliyomchania Mkeka, Ni Dau

Kuna MC mmoja hapa Rock City, jina liwekwe pembeni, ambaye stori yake imezunguka kuanzia Igoma mpaka Pasiansi. Ijumaa moja alipokea advansi ya laki nne kwa ajili ya kukodi spika na taa za sendoff ya Jumamosi. Usiku ule ule, laki tatu kati ya hizo zikaingia kwenye mkeka.

Mechi kumi, zote timu kubwa zinazocheza nyumbani, kila moja odi 1.30. Ukitiki analamba milioni nne na ushee. Tisa zikatiki. Ya kumi ikaruhusu goli la kusawazisha dakika za mwisho kabisa. Mkeka ukachanika.

Kesho yake mama wa bibi harusi akapiga simu. "Mwanangu, spika mbona hazijafika?" Jamaa akajibu, "Zipo njiani mama." Hazikuwa njiani. Sendoff ikapigwa na spika mbili za kuazima, ukumbini watu wa nyuma hawasikii kitu, na bibi harusi akaingia bila wimbo aliouchagua mwenyewe.

Sasa cheki mtaa unavyoongea. Vijiweni wote wanasema "kakosea timu moja tu", "angeitoa ile angekuwa milionea". Hata wanaomcheka wanamcheka kwa kuchagua ile timu. Na hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa sababu timu haikuwa kosa. Kosa lilikuwa laki tatu, tena laki tatu ya mtu mwingine.

Tupige hesabu kidogo, siyo ngumu. Odi ya 1.30 maana yake ni kwamba timu inatakiwa ishinde kama mara 77 katika mechi 100 ndiyo wewe utoke sare, hupati wala hukosi. Kampuni haifanyi biashara ya sare. Odi inapangwa ikiwa na faida ya kampuni tayari ndani yake, kwa hiyo uwezekano wa kweli huwa chini kidogo. Tuseme 73 kwa 100. Ukibeti mechi moja kwa elfu moja, kwa wastani inarudi kama 949. Umeumia, ila kidogo.

Sasa unganisha mechi kumi za aina hiyo. Nafasi ya zote kutiki siyo 73 tena, inashuka mpaka kama 4 kwa 100. Odi ya jumla ni kama 13.8. Zidisha uone: kila elfu moja, kwa wastani inarudi kama 592 tu. Yaani ukirefusha mkeka unazidisha na makato, maana kila mechi unayoongeza inakuja na makato yake. Kile kitu kinachoitwa "nimekosa moja tu" siyo bahati mbaya, ndivyo mikeka mirefu ilivyo. Mkeka wa mechi kumi kuchanikia kwenye mechi moja au mbili ni jambo la kila wikiendi.

Lakini MC alifikaje kwenye laki tatu? Miezi miwili nyuma aliweka buku mbili, mkeka ukatiki, akala zaidi ya laki na nusu. Akapost skrini shoti, likes zikamiminika. Tangu siku hiyo buku mbili ikawa elfu kumi, elfu kumi ikawa hamsini. Uwezo wake wa kubashiri haukubadilika hata kidogo. Kilichopanda ni dau. Na mara ya mwisho lilipanda kwa sababu alikuwa ameshaliwa, anafukuzia kurudisha.

Watu wanaocheza poka mezani, hata ya hela ndogo, hili wanalijua vizuri. Mezani kuna elfu kumi, mwenzako anaweka elfu tano. Wewe unalipa elfu tano kuwania jumla ya elfu ishirini, kwa hiyo unahitaji nafasi angalau 25 kwa 100. Kama unasubiri karata moja tu ya mwisho ikamilishe ua lako, na zipo tisa za kukusaidia kati ya 46 usizoziona, una kama 20 kwa 100. Kama hakuna hela zaidi ya kuvuna baadaye, unatupa karata. Ikija ile uliyoitaka baada ya kutupa, hujakosea. Na ukilipa ukashinda, bado ulikosea, ulipona tu. MC alipona kwenye buku mbili akadhani amejua.

Mwaka 1956 mtafiti mmoja wa Bell Labs kule Marekani, John Kelly, aliandika kanuni ya ukubwa wa dau. Ukiwa na uhakika unaozidi kidogo bei unayopewa, weka sehemu ndogo ya mtaji wako. Na kama huna faida yoyote dhidi ya bei hiyo, dau sahihi ni sifuri. Sifuri kabisa.

Wala haina haja ya kwenda Marekani. Nenda Mwaloni pale Kirumba, muulize mama wa dagaa. Anajua mwezi ukiwa mkali, taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, mzigo unapungua. Siku hizo hatii mtaji wote. Na hata giza likiwa zuri, ada ya mtoto na kodi ya nyumba hazigusi. Huyo biashara yake ina faida na bado anapima. Mwenye mkeka hana faida na anajilipua na hela ya sendoff!

Kubeti ni halali kwa aliyefikisha miaka 18, hakuna anayemkataza mtu. Kama ni burudani basi iwe na bei ya burudani, hela ambayo ikipotea unacheka na kwenda kulala, kama ya soda tu. Ikifika mahali ikipotea kuna mtu atapiga simu kuuliza spika, hiyo siyo burudani tena.

MC anamlipa yule mama elfu ishirini ishirini mpaka leo. Wiki iliyopita kapost tena mkeka uliotiki, dau buku mbili, chini watu wanamwita mwamba. Kuhusu deni hakupost.

Wadau, mnasemaje? Mama wa bibi harusi amsamehe, au amtaje jina?