Sarfaraz Ahmed, nahodha aliyebebeshwa maji

Oktoba 2025 Bodi ya Kriketi ya Pakistan ilimvua Mohammad Rizwan unahodha wa mechi za siku moja, ikampa Shaheen Shah Afridi. Rizwan alikuwa ameushika mwaka mmoja tu, na ndani ya mwaka huo aliishinda Australia kwao. Ndugu msomaji, niliposoma habari ile nilimkumbuka mlinda wiketi mwingine aliyetolewa kwa mlango huohuo: Sarfaraz Ahmed wa Karachi.

Sarfaraz alianza kuongoza akiwa kijana. Mwaka 2006 aliipa Pakistan Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19. Walipata mikimbio 109 tu, lakini India wakaishia 71. Mwaka 2017, miezi michache tangu akabidhiwe timu ya mechi za siku moja, aliipeleka Uingereza kwenye Champions Trophy ikiwa ya mwisho kwa ubora kati ya timu nane. Mechi ya kwanza India iliwachapa. Kwenye fainali pale The Oval, India hiyohiyo ilishindwa kwa mikimbio 180. Katika T20 alishinda mifululizo 11 bila kukatika, na Pakistan ikakaa nambari moja duniani.

Lakini kuna siku moja Durban ambayo siwezi kuiruka. Januari 2019, akiwa nyuma ya wiketi, alimwita Andile Phehlukwayo wa Afrika Kusini mweusi na kumtaja mamake, kwa Kiurdu, na maikrofoni ya uwanjani ikayanasa. Kuna waliomtetea kwamba kwao neno hilo ni la kawaida. Mimi ni Mwislamu na ni mweusi, na utetezi huo haukuniingia. Sisi tuliosoma madrasa twakijua kisa cha Abu Dharr alipomtusi Bilal kwa mamake, na Mtume (s.a.w.) alivyomwambia kuwa bado ana ujahili ndani yake. Sarfaraz amehifadhi Qur'ani yote. Hakuhitaji kufunzwa haya na mtu. Alimwendea Phehlukwayo akamwomba radhi, akasamehewa, kisha akafungiwa mechi nne. Hiyo adhabu niliiona ya haki.

Kilichofuata ndicho nisichokiona cha haki. Kombe la Dunia 2019 Pakistan ilimaliza na pointi 11 sawa na New Zealand, ikakosa nusu fainali kwa hesabu ya wastani wa mikimbio. Oktoba, Sri Lanka ambayo wachezaji wake kadhaa wakubwa walikataa kusafiri kwa hofu ya usalama iliwafunga 3-0 katika T20 nyumbani. Siku chache baadaye Sarfaraz akavuliwa unahodha wa T20 na wa Test, na kwenye kikosi akaachwa. Timu ilikuwa bado nambari moja.

Agosti 2020 alionekana Manchester akiwapelekea wenzake maji na viatu uwanjani. Shoaib Akhtar alikasirika. Kocha Misbah-ul-Haq alisema hakuna aibu. Kwa hili niko na Misbah. Aibu, kama ipo, ni ya wanaobadilisha manahodha kama shuka za hoteli.

Karibu miaka minne alisubiri kucheza Test. Desemba 2022 aliitwa Karachi dhidi ya New Zealand, Rizwan akapumzishwa. Ilikuwa Test yake ya kwanza nyumbani, akiwa na miaka 35. Alipata 86, 53, 78, na siku ya mwisho, timu ikielekea kuzama, 118. Mechi ikaisha sare, wiketi moja imebaki, naye akatajwa mchezaji bora wa mfululizo.

Mwaka mmoja baadaye, Perth, alipata 3 na 4. Mechi iliyofuata Melbourne glavu zilirudi kwa Rizwan, na Sarfaraz hajacheza Test tena.